Mkono Ulishajua

Katika Kiswahili chetu cha kila siku neno uvimbe limebebeshwa mizigo mingi kupita kiasi. Jipu ni uvimbe. Kifundo cha mguu kilichoteguka kina uvimbe. Donge la mafuta chini ya ngozi, ambalo mtu anaweza kuishi nalo miaka thelathini na akazikwa nalo, ni uvimbe. Na kitu kinachokula ubavu polepole kikielekea mapafuni, nacho pia tunakiita uvimbe. Hapa Kakamega nimesikia neno hili likitumika kama blanketi, la kufunikia jambo ambalo hakuna anayetaka kulitazama. "Ana kauvimbe tu hapa kifuani." Hako ka- kadogo ndiko kanakofanya kazi yote.

Nataka kuuliza kuhusu hako ka-. Je, familia ina haki ya kumficha mgonjwa jina la ugonjwa wake? Najua swali hili ni la zamani na limejibiwa sana, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kukaa sebuleni na dada watatu wa mgonjwa huku chai inapoa na hakuna anayeigusa. Mimi nalichukulia kupitia uvimbe wa ukuta wa kifua. Ugonjwa huu una tabia moja inayoharibu hesabu ya wanaoficha: mgonjwa mwenyewe anaugusa.

Ukuta wa kifua ni kile kizimba cha mbavu ishirini na nne, mfupa wa kidari mbele, uti wa mgongo nyuma, gegedu linaloshikanisha mbavu na kidari, pamoja na nyama, mishipa na mafuta yaliyojaa katikati. Kazi yake ni kulinda moyo na mapafu, lakini si sanduku la kukaa tu. Kinapanda na kushuka mara kumi na mbili hadi ishirini kila dakika, uwe umelala au unagombana na kondakta. Uvimbe ukiota hapo unapanda na kushuka nacho. Ukilalia ubavu huo unausikia. Ukijipaka sabuni unaukuta. Saratani ya kongosho inaweza kukaa tumboni mwako miezi mingi kama mgeni asiyebisha hodi, ila hii ya ubavuni, mwenye ubavu ndiye wa kwanza kujua ipo.

Lakini kujua kwamba kitu kipo hakukuambii ni kitu gani, na hapo ndipo jina linapokuwa na thamani. Donge gumu juu ya ubavu linaweza kuwa TB. Ndiyo, TB ile ile, ikiwa imetoka mapafuni na kujichimbia kwenye mfupa, ikitengeneza jipu lisilo na joto. Dawa zake ni bure katika hospitali za umma, na mtu hupona kwa kumeza vidonge miezi sita au mwaka. Linaweza kuwa ubavu uliokua vibaya tangu utotoni, usio na saratani wala haraka. Linaweza kuwa saratani iliyohama kutoka kwenye titi, mapafu au tezi dume, na kwa watu wazima ndiyo hali inayoonekana mara nyingi kuliko saratani iliyozaliwa pale pale ubavuni.

Na hata zile zinazozaliwa pale pale hazifanani. Kwa watoto na vijana kuna sakoma ya Ewing, ambayo huanza kushambuliwa kwa kemo kabla ya kisu. Kuna ile inayotokana na seli za uboho, ambayo mionzi inaiweza. Halafu kuna kondrosakoma, saratani ya gegedu, ambayo kwa watu wazima ndiyo huongoza kati ya saratani zinazoanzia kwenye mifupa ya kifua. Hukua polepole. Mtu anaweza kuwa nayo mwaka mzima au zaidi akidhani ni kidonda cha zamani cha kubeba magunia. Haisikii kemo, na mionzi huisumbua kidogo tu. Inasikia kisu, na kisu kikifika mapema, wengi hupona kabisa.

Kwa hiyo mtu akikwambia "uvimbe ni uvimbe, tumpeleke tu atibiwe", ujue bado hajasema kitu. Atibiwe nini? Anayeficha jina anaficha pia njia, kwa sababu kila jina lina njia yake.

Hapa kuna imani moja ya mtaani ambayo nataka kuitendea haki. Wazee wengi husema uvimbe ukiguswa na kisu unakasirika na kusambaa. Madaktari vijana huicheka. Lakini imani hiyo ina kichembe cha ukweli, na nadhani ilizaliwa na macho ya watu waliokuwa wakitazama vizuri. Sakoma iliyokatwa nusu nusu na mtu aliyedhani ni donge la mafuta humwaga seli zake kwenye nyama iliyokuwa safi, na ikirudi hurudi vibaya. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake hupiga picha kwanza, kisha huchoma sindano ya kipimo kwenye mstari ule ambao baadaye, siku ya upasuaji, ataukata wote autoe pamoja na uvimbe. Yaani wazee waliona kitu cha kweli, ila dawa waliyopendekeza, kuacha kabisa, ndiyo iliyowaua wengi.

Upasuaji wenyewe si wa kuchezea. Daktari hatoi donge peke yake. Hutoa ubavu wenye ugonjwa na mara nyingi sehemu za jirani zake wa juu na wa chini, akiacha ukingo wa nyama nzima kuzunguka uvimbe, kama sentimita nne hivi kwa ile mikali. Linabaki shimo. Shimo dogo la mgongoni, chini ya mfupa wa bega, huweza kuachwa, maana bega linalifunika. La mbele au la ubavuni likiwa kubwa lazima lizibwe, la sivyo kifua kitafanya kinyume: mgonjwa akivuta pumzi, pale palipotolewa mbavu panaingia ndani badala ya kutoka nje. Basi huwekwa wavu maalum, wakati mwingine tabaka mbili zenye simenti ya mifupa katikati, na juu yake huletwa msuli kutoka mgongoni, bado ukiwa na mishipa yake ya damu, ufunike kama shuka. Baada ya hapo mgonjwa anatakiwa kukohoa kwa makusudi ingawa inauma, kupuliza, kuvuta pumzi ndefu na kuinua mkono kila siku, kusudi mapafu yasijae maji na bega lisigande.

Huwezi kumtoa mtu mbavu tatu huku ukimwambia ni jipu. Sisemi ni vibaya kimaadili, hilo nitalifikia. Nasema haifanyi kazi. Mtu asiyejua kwa nini anaumizwa hawezi kukohoa kwa ajili yako.

Sasa, tunavyoficha. Nimeona utaratibu huu kwenye familia kadhaa, yangu ikiwemo, na unafanana kama sare ya shule. Majibu yanatoka. Mtoto mkubwa au dada anayachukua. Daktari anaombwa "asimshtue mzee". Halafu linafunguliwa kundi la WhatsApp la mchango, kwa sababu pesa zinahitajika. Bima ya SHA ilipoanza Oktoba 2024 dari ya saratani ilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka, na ukiweka picha, kipimo, safari za Eldoret, vitanda na dawa, dari hiyo unaigusa kwa kichwa bila kuruka. Kwenye kundi kunawekwa bango lenye picha ya mgonjwa akitabasamu kwenye arusi ya mtu, jina la ugonjwa, na namba ya M-Pesa. Ndani ya siku mbili watu mia na themanini wanajua. Wa kanisani wanajua. Wa Nairobi na Qatar wanajua. Mwenye bodaboda anayempeleka kliniki anajua, ndiyo sababu siku hizi anaendesha polepole. Asiyejua ni mmoja tu, yule mwenye simu ya kubonyeza.

Nikitazama hili naona tumekosea hata jina la tendo lenyewe. Tunasema tunamficha mgonjwa ugonjwa. Haiwezekani, ugonjwa uko chini ya vidole vyake. Tunachomficha ni sisi. Tunamwondolea watu wa kuzungumza nao. Anabaki na mkono wake usiku, akipapasa, akipima kama kimekua, na asubuhi anatabasamu kwa sababu ameona tunataka atabasamu. Tolstoy aliandika juu ya jambo hili katika kisa cha Ivan Ilyich mwaka 1886: kilichomtesa mgonjwa kuliko vyote ulikuwa uongo wa watu waliomzunguka, na aliyempa nafuu ni kijana mtumishi, yule ambaye hakujifanya.

Mjomba wangu, khotsa kama tunavyomwita nyumbani, alikuwa mpiga isukuti. Ngoma ile hubanwa kwapani ikaegemea mbavu, na yeye aligundua uvimbe wake pale ngoma ilipoanza kumuuma mahali ambapo haikuwahi kumuuma. Alibadilisha upande. Alipiga hivyo kwenye mazishi na arusi karibu msimu mzima. Kipimo kilipotoka dada zake walikubaliana haraka: ni jipu la ndani, litaondolewa. Mchango ukafika mahali ukakwama, na ikaamuliwa nusu ekari iuzwe.

Hapo ndipo mpango ulipovunjika, na haukuvunjwa na mwanafalsafa yeyote. Shamba lilikuwa kwa jina lake. Lazima asaini, lazima mkewe akubali, lazima waende mbele ya bodi ya ardhi. Aliwasikiliza wote hadi mwisho, kisha akauliza, "Jipu gani hili linauziwa nusu ekari?"

Hakuna aliyemjibu. Jioni aliniita. Mimi ndiye niliyekuwa na nakala ya ripoti, kwa kuwa kwenye familia yetu aliyefika chuoni, hata kama aliacha, bado ndiye msomaji wa barua za Kizungu. Akaniambia, "Omwiwa, soma. Usinitafsirie moyo wako, soma karatasi." Nikasoma. Kondrosakoma, daraja la pili, ubavu wa sita. Nikamweleza ile ya gegedu na ile ya kisu. Alinyamaza kwa muda, halafu akauliza kama kuku wamefungiwa.

Mama mkubwa, dada yake mkubwa, bado ananiona kama mtu aliyevunja chungu cha wengine. Hoja yake naiheshimu, kwa sababu ilimtoka kwenye maisha na si kwenye kitabu. Alimuuguza mumewe. Mumewe aliambiwa, kwa ukweli wote na kwa dakika nne, mlangoni, na mtu mwenye haraka. Alirudi nyumbani akageukia ukuta, akakataa chakula, na hakumaliza mwezi ambao pengine angeumaliza. "Ukweli wenu," aliniambia, "ulimuua kabla ya kansa." Nitamwambia nini mama huyu? Kwamba alikuwa na haki ya kujua? Mumewe alikufa akiwa na haki yake mfukoni.

Nimelifikiria hilo sana kuliko nilivyowahi kufikiria mtihani wowote. Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji aliyesimama mlangoni akikuuliza rafiki yako yuko wapi, hupaswi kumdanganya. Enyewe, falsafa hiyo haina ndugu. Haifai sebule ya mama mkubwa. Lakini na ile nyingine, ya "mila yetu hairuhusu mgonjwa kuambiwa", naitilia shaka pia. Kitu kimoja nilichotoka nacho chuoni ni jina la Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wetu kutoka upande wa Siaya, aliyekwenda kuwahoji wazee vijijini kuonyesha kwamba fikra za kina hazikuanza na darasa. Alitofautisha wazee wa aina mbili: wale wanaojua kueleza jamii inasema nini, na wale wanaojua hilo kisha wakalipima, wakakubali hapa na kukataa pale. Tukisema "mila yetu" tunakuwa tumemsikiliza mzee wa kwanza tu. Khotsa aliposema usinitafsirie moyo wako, alikuwa yule wa pili.

Tena kuficha hakukuwa mila ya Kiafrika peke yetu. Mwaka 1961 uchunguzi uliochapishwa Marekani ulikuta madaktari tisa kati ya kumi wakipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Swali lile lile liliulizwa tena mwaka 1979, na asilimia 97 wakasema wangependelea kumwambia. Miaka kumi na minane tu. Walibadilika dini? Sidhani. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ni kwamba walikuwa wamepata cha kutoa. Ni rahisi kutaja ugonjwa ukiwa na dawa mkononi.

Na hapa ndipo swali linapokuwa kali kwetu. Kakamega hadi Eldoret ni kama kilomita mia moja. Daktari wa upasuaji wa kifua huwezi kumkuta kila kaunti. Mwaka 2022 makadirio yaliweka wagonjwa wapya wa saratani Kenya kuwa zaidi ya 44,000 na waliofariki zaidi ya 29,000. Katika hali hiyo, kumwambia mtu jina la ugonjwa ambao matibabu yake hana uwezo wa kuyafikia kunamsaidia nini? Si ni kumpa jiwe mkononi?

Jibu langu linapitia ile nusu ekari. Mtu asiye na pesa ana maamuzi magumu zaidi kuliko tajiri, na ndiyo sababu zaidi ya kutompokonya. Tajiri akidanganywa atapoteza muda. Maskini akidanganywa ardhi yake inauzwa, ng'ombe wa karo ya mtoto anauzwa, na yote yanafanywa kwa jina lake bila yeye kukaa kwenye kikao. Labda angesema uzeni. Labda angesema hapana, watoto wabaki na shamba, mimi nipewe dawa ya maumivu na nikae nyumbani. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inampa nafasi hiyo: aelezwe hali yake, njia zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba anaweza kukataa. Inasema pia aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa kiwango cha elimu yake. Ukisoma sentensi hiyo halafu ukasoma ripoti ya maabara yoyote nchini, utacheka, ukiwa na moyo wa kucheka.

Sheria hiyo hiyo imeacha mlango: daktari anaweza kutomwambia mgonjwa endapo kuna ushahidi mzito kwamba kujua kutamdhuru. Mama mkubwa angesema mlango huo ndio wake. Ni kweli kuna watu ambao hawataki kujua, na kumsukumia mtu taarifa asiyoitaka ni ubabe wa aina nyingine, hata ukivaa koti jeupe. Ila ushahidi sheria inaoutaka ni juu ya mgonjwa. Mara nyingi tunachopeleka kwa daktari ni ushahidi juu yetu, kwamba sisi ndio tutashindwa kumtazama usoni. Na mumewe mama mkubwa, nikimsikiliza vizuri, aliumizwa na zile dakika nne, na ule mlango, na kurudi nyumbani ambako hakuna aliyethubutu kukaa naye kitandani na kulitaja lile neno tena. Aliambiwa mara moja, kisha akafichwa kama wengine.

Khotsa alitolewa mbavu tatu, baada ya kuomba wiki tatu za kupima mipaka ya shamba na kuwaonyesha wanawe. Aliuza robo ekari, si nusu, kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Anapumua. Isukuti amewaachia vijana, ingawa anawasahihisha kwa sauti wakikosea.

Siku ya kwanza kliniki, daktari, mwanamke mwenye umri kama wangu wa kukadiria, hakuanza na ripoti. Alivuta kiti, akauliza kwa Kiswahili mzee anafikiri ana nini, kisha akauliza, "Ungependa nikueleze yote wewe mwenyewe, au kuna mtu ungetaka nimweleze kwa niaba yako?" Nilikuwa sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa. Khotsa alimtazama dada yake, aliyekuwa ameshika mfuko wa picha za skani kwa mikono miwili, halafu akamgeukia daktari.

"Nieleze mimi," akasema. "Huyu mama mweleze polepole. Yeye ndiye anaogopa."